Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Wimbo wa Kale: Mfano wa "The House of the Rising Sun"

Anayetaka kuijua historia ya wimbo uliopita katika vinywa vingi aanze na rekodi anayoifahamu, kisha arudi nyuma mwimbaji mmoja baada ya mwingine, akiuliza kila mara: huyu naye aliusikia kwa nani? Mfano wangu ni "The House of the Rising Sun", kwa kuwa safari yake ni ndefu na sehemu kubwa yake ingali inasikika katika rekodi zilizohifadhiwa.

Rekodi inayojulikana zaidi ni ya The Animals, kundi la Newcastle, Uingereza, ambalo liliurekodi London tarehe 18 Mei 1964 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza, kisha Marekani, mwaka huohuo. Kabla ya kusikiliza, soma lebo ya santuri. Wimbo umetajwa kuwa wa jadi, na mpiga kinanda Alan Price ametajwa peke yake kuwa mpangaji wa muziki. Usidhani kwamba lebo inakueleza nani alifanya nini studioni, kwani kinachoamuliwa hapo ni mirabaha, yaani malipo ya wenye haki ya wimbo: sauti za gitaa zinazoufungua wimbo, zikidonolewa uzi mmoja mmoja, ni za Hilton Valentine, ambaye jina lake halimo.

Sasa rudi nyuma. Bob Dylan aliurekodi Novemba 1961 kwa ajili ya albamu yake ya kwanza, iliyotoka 1962, akitumia mpangilio wa Dave Van Ronk, mwimbaji wa New York aliyekuwa na nia ya kuurekodi mwenyewe. Van Ronk alieleza kwamba aliupata kutoka rekodi ya Hally Wood, na Wood aliupata kutoka kwa Georgia Turner, binti wa miaka 16 ambaye Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alimrekodi mwaka 1937 mjini Middlesboro, Kentucky, kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mnyororo wa namna hii, ambao kila pingili yake ina jina, ndio unaopaswa kuutafuta, na ni haki kabisa jina la Turner litajwe kila wimbo huu unapozungumziwa.

Ukivuka mwaka 1937, ongeza uangalifu. Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi mwaka 1933, na hiyo ndiyo rekodi ya kale zaidi inayojulikana. Utakutana pia na wimbo wa mwimbaji Texas Alexander wa mwaka 1928 wenye jina linalofanana, lakini ukiusikiliza utatambua kuwa ni wimbo mwingine. Jina pekee si ushahidi. Linganisha maneno na sauti pamoja. Vivyo hivyo, nyumba ya New Orleans inayotajwa katika wimbo wapo wanaosema ilikuwa danguro na wapo wanaosema ilikuwa gereza, na hakuna aliyethibitisha. Madai hayo yaandike kama madai.

Kisha angalia ni nani anayesimulia. Turner anaimba kwa sauti ya msichana aliyepotea, na Dylan aliiacha ibaki hivyo, ilhali katika rekodi ya The Animals msimulizi ni kijana wa kiume. Wengi hukimbilia kusema kwamba kundi hilo ndilo lililombadilisha msimulizi kwa mara ya kwanza, lakini Ashley alikwisha kuimba juu ya vijana wa kiume miaka 31 kabla yao. Kosa hili hutokana na kulinganisha rekodi mbili tu, kwa hiyo kusanya nyingi uwezavyo kabla ya kuamua nani alibadili nini.

Kwa rekodi zilizofuata 1964, hesabu mapigo. The Animals waliupiga kwa mapigo sita katika kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo linalojirudia. Frijid Pink, kundi la Detroit ambalo toleo lao lenye gitaa la kukwaruza lilivuma mwaka 1970, waliupiga kwa mapigo manne. Johnny Hallyday aliuimba kwa Kifaransa mwaka 1964 akiwa na maneno mapya kuhusu gereza, lakini muziki wake unafuata nyayo za The Animals, na masikio yako yatalitambua hilo hata kama hujui neno moja la Kifaransa.