Kumwaga zege kavu la baraza mwenyewe, kwa sisi wa Mbeya

Kwanza subiri mvua zikatike, kuanzia Juni hivi, maana zege kavu, yaani lile unalomwaga likiwa kavu halafu maji unapulizia juu baadaye, likikutwa na mvua ya Mbeya kabla halijashika ujue sementi yote imeondoka na maji. Chimba, toa udongo mweusi wote, weka moramu ushindilie mpaka ukikanyaga kwa kisigino pasibonyee, halafu funga mbao pembeni za inchi 4 na upande wa nje uwe chini kidogo, kama sentimita 2 kila mita, ili maji yasirudi ukutani.

Changanya sementi ndoo 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, vyote vikavu kabisa, mchanga ukiwa na unyevu sementi inaganda vidonge kabla hujamaliza. Mwaga, vuta na ubao ulionyooka, lainisha juu.

Sasa maji, hapa ndo penyewe. Tumia bomba la kupulizia dawa shambani ila lioshwe vizuri sana, pulizia ukungu tu mpaka juu pabadilike rangi, ukiona vishimo vya matone umezidisha. Acha saa moja, rudia, pakishaanza kugangamala ongeza maji kila saa, mengi zaidi, mpaka yafike chini kabisa. Usiku funika turubai, baridi ya Julai huku inachelewesha sementi kushika. Endelea kumwagilia wiki nzima.

Ila jamani, ni la kukaa na viti tu, gari hapana, kwa gari changanya zege la maji.