Ndege ya mtumba: kagua injini na kutu kabla ya viti

Mfanyabiashara wa korosho hapa Mtwara unayewaza kununua ndege ndogo ya pangaboi iliyotumika, usivutwe na viti vya ngozi. Anza na vitabu vya kumbukumbu za injini. Injini za PT6A, zinazofungwa kwenye King Air C90 na Cessna Caravan, kwa kawaida hufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 3,600 za kuruka. Ndege inayouzwa bei ya chee mara nyingi imebakiza saa chache, na gharama hiyo itakuangukia wewe.

Kisha kutu, na hapa usione haya kusumbua watu. Ndege iliyolala miaka mingi kwenye upepo wa bahari kama wetu huliwa na chumvi kimyakimya. Fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, afungue mbao za sakafu na kumulika maungio ya mbawa. Rangi iliyovimba, ukiikwaruza ukakuta unga mweupe, hiyo ni alumini inayooza. Aingize pia kamera nyembamba ndani ya injini.

Kumbukumbu zikiwa na pengo, achana nayo. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, waulize TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, masharti ya usajili wa 5H, alama ya ndege zilizosajiliwa Tanzania.