Filimbi ya alto kwa mtu wa kwaya: mazoezi, kupiga kanisani na kukua

Kama umekulia kwenye kwaya na unasoma d r m f s l t bila kufikiri, nusu ya kazi ya filimbi ya alto umeshaimaliza kabla hujaishika. Wapigaji wengi wa filimbi ya kawaida huiogopa alto kwa sababu moja: sauti inayotoka siyo ile iliyoandikwa. Ukishika C, inatoka G iliyo chini yake. Aliyefundishwa nota za mistari peke yake huumiza sana kichwa kwa hilo. Mwanakwaya hana haja ya kuumia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Moshi. Muziki sikuusomea chuo. Filimbi naipiga jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari, na Jumapili naipiga kanisani. Ninayoandika hapa ni kwa mtu wa aina yangu: anayeiweza kiasi filimbi ya kawaida, amepata alto ya kununua au ya kuazima, na hana mwalimu wa karibu.

Kwanza, chombo chenyewe. Alto ina urefu wa sentimita 86 hivi, wakati ile ya kawaida ina kama 67. Bomba lake ni nene zaidi pia: kipenyo cha ndani ni milimita 26 hivi, ile nyingine 19. Aliyeifanya iwe kama tunavyoijua ni Theobald Boehm wa Munich, Ujerumani, yuleyule aliyebuni mpangilio wa vitufe tunaoutumia hadi leo kwenye filimbi za aina hii. Alianza kuitengeneza miaka ya 1850, na uzeeni ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Namwelewa kabisa.

Kichwa chake, yaani kile kipande chenye tundu la kupulizia, huja kwa namna mbili, kilichonyooka na kilichopinda. Kilichopinda huleta vitufe karibu na mwili, kwa hiyo kinawafaa wenye mikono mifupi, ila filimbi hupenda kujizungusha mkononi. Kilichonyooka hutulia vizuri zaidi, lakini bega la kushoto litakuambia. Ukiweza kujaribu vyote viwili kabla ya kulipa, jaribu kwa robo saa nzima kila kimoja. Dakika mbili za dukani hazionyeshi kitu, maana uzito huanza kusema baadaye.

Kutafuta doh yako

Kanuni yote ni hii: fa ya kwaya ndiyo doh ya vidole vyako. Kwaya ikiimba doh ni F, hesabu d r m f kutoka F, unafika B-flati. Basi shika vidole vya B-flati na uite hapo doh, halafu soma sol-fa kama ilivyo kwenye karatasi, usibadilishe herufi hata moja. Doh ikiwa D, unashika G. Doh ikiwa A, unashika D. Doh ikiwa E-flati, unashika A-flati. Doh ikiwa G, unashika C, hakuna shapu wala flati, na doh ya chini kabisa ndiyo sauti ya mwisho ya filimbi. Anza na nyimbo za doh G.

Waliosoma nota za mistari hununua karatasi zilizokwisha kuhamishwa, au hukaa usiku kuziandika upya. Sisi tunahamisha doh tu. Huu ni urithi mkubwa wa kwaya zetu, na sijui kwa nini wapigaji wetu wa vyombo huutupa mara tu wanapoanza kusoma mistari. Soma mistari, ndiyo, lakini sol-fa usiiache.

Tahadhari moja kuhusu mpiga kinanda. Wapo wengi wanaopiga vidole vya C au F siku zote, kisha hubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti ili kuwafuata waimbaji. Ukimuuliza, “Kaka, tunapiga wapi?” atakujibu C, na C anayoiona yeye siyo inayosikika. Mwombe apige doh peke yake na uiangalie kwenye programu ya kupima sauti ya simu yako. Kinachosikika ndicho unachokitafutia fa.

Pumzi

Filimbi ya kawaida unaipuliza kama unapoza chai. Alto unaipuliza kama unapasha viganja moto asubuhi ya Julai: midomo imelegea, tundu kati yake ni kubwa zaidi, taya limeshuka kidogo, hewa ni nyingi lakini haina haraka. Ukitumia mkazo wa filimbi ya kawaida, sauti za chini zitakataa, au zitaruka oktavu ya juu. Jibu siyo kupuliza kwa nguvu zaidi. Legeza, shusha taya, fungua koo kama unayetaka kupiga miayo.

Kwa kuwa hewa inayotumika ni nyingi, mistari utakayoweza kumaliza kwa pumzi moja ni mifupi kuliko uliyozoea. Usione aibu kupumua mara nyingi. Weka alama za pumzi kwa penseli, uziweke pale maneno ya wimbo yanapopumzika, na usikate neno katikati hata kama kwenye filimbi hakuna neno linalosikika. Msikilizaji anayeujua wimbo huo anaimba kimoyomoyo, na ukikata “Bwana” vipande viwili atahisi.

Jambo lingine la sauti za chini ni kwamba zinachelewa kutoka. Unapiga ulimi, kisha kuna kitambo kidogo kabla sauti haijajaa. Ukipiga ulimi sawasawa na mdundo, utasikika umechelewa. Tanguliza ulimi kidogo sana, na utumie “du” laini badala ya “tu” kali. Mazoezi ya hili ni ya kuchosha, nakiri ni ya kuchosha, lakini ndiyo yanayomtofautisha mtu anayeipiga alto na mtu aliyeishika tu.

Nusu saa ya jioni

Zoezi langu huanza na G ya vidole, ile ya mkono wa kushoto peke yake, ambayo kwa masikio ni D. Naishika kwa pumzi nzima, polepole, mpaka itulie. Kisha nashuka hatua moja, pumzi moja, hadi C ya chini kabisa. Sitafuti ukubwa wa sauti, natafuta mwanzo safi na mwisho usioshuka. Unapopunguza pumzi mwishoni sauti hupenda kudidimia. Inua taya kidogo sana na uelekeze hewa juu kidogo, itabaki mahali pake. Hilo linachukua karibu dakika kumi, na siku nikiwa nimechoka naishia hapo bila kujilaumu, maana ndiyo sehemu inayojenga.

Kisha pumzisha mikono. Alto ni nzito kuliko unavyofikiri, na kifundo cha mkono wa kulia hupinda bila wewe kujua. Kiangalie kwenye kioo: kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Pale chini ya kidole cha shahada cha kushoto, filimbi inapokalia, funga kipande cha kitambaa laini ili isikukate. Ganzi ikianza kwenye vidole, weka chini filimbi. Usiendelee hata kama wimbo umebaki mstari mmoja.

Baada ya hapo chukua wimbo mmoja tu wa kitabuni, wenye sauti nne, na ufanye kazi na sauti ya pili. Uimbe kwanza kwa sol-fa bila filimbi, mara mbili au tatu. Upige bila kutazama maneno. Halafu upige ukiyatazama maneno, na utashangaa jinsi upigaji unavyobadilika wenyewe. Metronomu, ile saa ya kuhesabu mdundo, iwe 60 kwa dakika au chini yake. Mwisho jirekodi, na simu usiiweke mbele yako. Iweke upande mwingine wa chumba, ikiwezekana mlangoni. Sauti unayoisikia ukiwa nyuma ya filimbi ni tofauti sana na inayofika kwa mtu aliyekaa.

Kwa nini sauti ya pili? Kwa sababu alto inaanzia G iliyo chini ya C ya kati, na sauti ya pili ya nyimbo nyingi inakaa hapo hapo, kuanzia G hiyo kwenda juu oktavu moja na kidogo. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote ya chombo hiki, nene na yenye giza. Sauti ya tatu nayo inavutia, lakini mara kwa mara hushuka chini ya G, na hapo huna kitu. Wimbo wa aina hiyo uwaachie wanaume. Kuruka oktavu katikati ya mstari kunaharibu ulichokijenga. Oktavu ya tatu ya alto usiihangaikie. Ipo, lakini ni nyembamba, na filimbi ya kawaida inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Jumapili

Alto haipigani na vyombo vingine, na usiilazimishe. Huku kwetu ibada nyingi zina matarumbeta, na siku matarumbeta yanapiga, alto ibaki kwenye mkoba. Ngoma na gitaa la besi vikiwa vimefunguliwa pia haitasikika. Mahali pake ni wimbo wa polepole: wa maombi, wa Meza ya Bwana, wa Ijumaa Kuu, wa msiba.

Kaa na mwalimu wa kwaya kabla ya zoezi na mkubaliane. Mpango ninaoupenda ni huu: ubeti wa kwanza kwaya peke yake, wa pili sauti ya kwanza wanaimba na filimbi yangu inapiga sauti ya pili, wengine wamenyamaza, wa tatu kwaya yote bila mimi, wa mwisho naingia nusu ya pili tu. Ukipiga beti zote watu wanakuzoea na masikio yanakuondoa. Siku moja baada ya ibada mzee wetu mmoja wa sauti ya nne aliniita, nikamsalimia shikamoo, akaniambia, “Marahaba, mwalimu. Ule ubeti ulionyamaza ndio ulionifanya nikusikie ulipoingia.” Sijapata kuambiwa na mtu jambo la muziki lililonisaidia kuliko hilo.

Mpiga kinanda mwombe apunguze mkono wa kushoto, na azime zile sauti za nyuzi zilizojaa, maana zinakaa palepale ilipo alto. Fundi mitambo naye mfuate mapema kwa heshima, siyo dakika ya mwisho. Kipaza sauti kikae karibu na tundu la kupulizia, juu yake kidogo na kwa pembeni, ili hewa isikipige. Wengi hukiweka mwisho wa bomba wakidhani sauti inatokea huko. Sauti kubwa inatoka pale unapopulizia na kwenye matundu yaliyo wazi.

Kusawazisha sauti: kinanda hakibadiliki, wewe ndiye unayekifuata. A yake ni 440, na wewe kuipata A hiyo unashika D. Ibada ya saa moja asubuhi mwezi wa sita au wa saba, Moshi kuna baridi, na filimbi baridi hushuka. Ipashe moto kwanza: funika tundu kwa midomo, peleka hewa ya joto ndani polepole bila kutoa sauti, vitufe vyote vimefungwa. Usikisukume kichwa ndani kwa haraka, kwa sababu ukianza kupiga itapanda yenyewe. Februari saa tano mchana ni kinyume: inapanda, na kichwa inabidi ukivute nje kidogo.

Makaburini kuna shida ya upepo. Upepo ukipita juu ya tundu, sauti inakatika kabisa, haijalishi wewe ni hodari kiasi gani. Upe upepo mgongo, au simama nyuma ya watu warefu wa kwaya. Chagua wimbo mfupi.

Kukua

Usiiache filimbi ya kawaida. Kwangu mimi siku ninazoanza na alto, filimbi ya kawaida inakuja na sauti pana zaidi, kwa sababu midomo imeshalegea. Kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine katikati ya ibada ni ujuzi wa peke yake. Ufanyie mazoezi nyumbani, wimbo kwa wimbo.

Sikiliza wakubwa. Mtunzi Ravel wa Ufaransa aliiandikia alto katika muziki wake mkubwa wa dansi wa mwaka 1912, na mtunzi Stravinsky wa Urusi akafanya hivyo mwaka uliofuata. Sikiliza namna vyombo vingine vinavyoiachia nafasi inapoanza kusema. Ukitaka mwalimu, hata kama hana alto, nenda kwa anayejua filimbi yoyote. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kinafundisha muziki hadi shahada, na Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Masomo machache na mtu anayekuangalia midomo yana thamani kubwa kuliko video nyingi.

Utunzaji ni mfupi. Kila ukimaliza, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya bomba, na cha kichwa kiwe peke yake. Pedi, kile kizibo laini kilicho chini ya kitufe, ikinata, weka karatasi nyembamba ya kusokotea sigara chini yake, bonyeza kwa upole, iachilie, iondoe. Mafuta ya cherehani usitie, na skrubu usiziguse. Usiiache kwenye gari juani.

Ukishazimudu nyimbo za doh G, nenda doh D na doh C, ambazo vidole vyake ni G na F. Kisha doh F na doh B-flati. Doh A-flati, unaposhika D-flati, iache mpaka vidole vidogo vizoee umbali wa vitufe vya chini, ingawa nyimbo kadhaa nzuri za Pasaka ziko huko na mwalimu wa kwaya atakuomba mapema.