Somo: Kikombe cha Kerma, mdomo mweusi bila tone la rangi

Vikombe hivi vilifinyangwa katika ufalme wa kale wa Kush, Sudan ya leo, ambao mji wake mkuu ulikuwa Kerma, takriban 1750 hadi 1550 KK. Mwanaakiolojia Mmarekani George Reisner alifukua makaburi ya Kerma kati ya 1913 na 1916, na vingi vikaishia kwenye makumbusho ya Boston, Marekani. Makumbusho ya Taifa ya Khartoum nayo yameporwa katika vita vilivyoanza 2023. Sisi wa Nairobi tutavionea wapi? Tufinyange vyetu.

Hatua ya 1. Nunua udongo wa mfinyanzi, ukande mpaka usiwe na kiputo. Finyanga kwa mkono, bila gurudumu: kitako cha mviringo, mdomo uliopanuka kama tarumbeta. Vya Kerma vina kuta nyembamba za milimita chache tu. Chako kitakuwa kinene, usijali.

Hatua ya 2. Chukua ule udongo mwekundu unaotuharibia viatu kila masika. Uchekeche, uukoroge uwe kama uji mwepesi, upake nje. Una chuma, ndiyo siri ya wekundu.

Hatua ya 3. Kikianza kukauka lakini bado kina ubaridi ukikigusa shavuni, kisugue kwa kokoto laini hadi king'ae. Hapa usiwe na haraka. Mimi humaliza redio nzima ya asubuhi.

Hatua ya 4. Kianike kivulini wiki nzima. Changu cha kwanza nilikichoma siku ya tatu; kililia paa! tukaokota vigae hadi kwa jirani.

Hatua ya 5. Nje, mbali na watoto: kifudikize, mdomo uzame ndani ya maranda ya seremala, kisha funika kwa samadi kavu na kuni. Washa. Juu hewa inapita, panakuwa pekundu. Chini hewa haifiki, moshi unaingia udongoni, panakuwa peusi. Kiache kipoe chenyewe.

MASWALI

— Mwalimu, nikipaka masizi tu mdomoni?
Yatafutika ukiosha, dada. Weusi wa Kerma umeingia ndani ya udongo.

— Changu kimetoka na mstari wa kijivu katikati. Nimekosea?
Hapana! Vya Kerma vina ukanda wa kijivu pale pale. Lete picha.

— Kinashika chai?
Kinavuja. Weka kalamu.

— Naishi ghorofa ya nne, mwenye nyumba hataki hata jiko la mkaa.
Fika hatua ya 4, kisha ukilete kwangu Jumamosi. Kifunge kwa gazeti, matatu zinarusha.