Jinsi ya kuzishika nahau za Kiingereza ukiwa mtu wa pwani

Vijana wetu wa Bagamoyo wanaotembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na kule mji mkongwe, Kiingereza wengi wanacho, ila mgeni akianza kuongea kwa nahau unakuta kila neno unalijua na bado hujamwelewa. Shuleni tulikaririshwa tu, nahau huku maana huku, mtihani ukiisha na zenyewe zimeisha. Mi naamini dawa ni kujua ilikotoka, na kwa mtu wa pwani anza na zile za vyombo vya tanga, maana Waingereza walikuwa mabaharia karne nyingi na lugha yao imejaa mambo ya bahari ambayo sisi tunayaona kila siku pale ufukweni.

Ukikutana na nahau usikimbilie kutafsiri neno kwa neno, jiulize kwanza hii ni kazi ya nani. Chukua "three sheets to the wind", yaani mtu kalewa chakari. Sheet hapo wengi wanadhani ni shuka, wengine wanasema tanga, zote sio. Kwa mabaharia ni ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, sisi tunaiita demani. Demani ikiachia, tanga linapigapiga ovyo na chombo hakishikiki, sasa zikiachia tatu kwa mpigo si ndo mwendo wa mlevi kabisa! Miaka ya 1820 msemo huu ulikuwa tayari unaandikwa. Na sisi tunao ndugu yake, tukisema mambo yamekwenda mrama tunaongelea chombo kinacholalia huku na huku kwenye mawimbi.

"Taken aback" nayo ni ya upepo: unageuka ghafla unalipiga tanga kwa mbele, linagandamana na mlingoti, chombo kinasimama au kinarudi nyuma. Ndo maana mtu aliyeshtushwa na habari mpaka kakosa la kusema anaambiwa hivyo. "By and large" ni kwenda kwa kubisha, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, na kwenda na upepo wa nyuma, chombo kinachoweza yote mawili kiko sawa kwa hali zote, basi leo maana yake kwa ujumla. "Learn the ropes", yaani kujifunza kazi mpya, hiyo hata sielezi, baharia mgeni anaanza na kamba.

Kama bado picha haijaja, nenda ufukweni wakati mashua zinatweka. Mpe nahodha shikamoo yake, mwombe akuoneshe demani, foromali (ule mti unaofungiwa tanga), na chombo kinavyobisha. Usimuulize Kiingereza, muulize kazi yake, kuunganisha utaunganisha mwenyewe.

Za nchi kavu zinataka historia kidogo. "Read the riot act" ni kumkaripia mtu na kumpa onyo kali. Hii ilikuwa sheria kweli ya bunge la Uingereza ya mwaka 1714, ikaanza kazi 1715: watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa anawasomea tangazo kwa sauti, ikipita saa moja hawajatawanyika wamefanya kosa kubwa la jinai.

Halafu jamani tuwe makini na hadithi tamu. Ile ya "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa mno, kwamba paka na mbwa walikuwa wanalala kwenye mapaa ya nyasi mvua ikiwaporomosha, ilisambaa sana kwa imeili mwaka 1999 na ni uongo. Aliyekulia kwenye nyumba ya makuti anajua mbwa hapandi kulala juu ya paa. Msemo wenyewe ni wa zamani kweli, karne ya 17 upo, ila hiyo hadithi ni ya kubandikwa. Kabla hujamsimulia mtu asili ya nahau, fungua Oxford English Dictionary uone iliandikwa kwanza lini, hadithi na miaka visipokutana achana nayo.

Kuhusu kutumia, "by and large" na "taken aback" ziandike popote, hata kwenye barua ya kazi. "Three sheets to the wind" ni ya maongezi na watu mliozoeana, mgeni uliyempokea leo usimwambie.