Somo: Seva ya simu ya nyumbani inapokula RAM, itafute sababu kabla hujaizima

Habari zenu wakuu.

Nyumbani kwetu Tabata tuna seva ndogo ya simu za intaneti: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 1, ndani yake Asterisk, programu inayounganisha simu. Kompyuta hiyohiyo inabeba pia programu ya kamera ya geti. Mama ana simu ya mezani chumbani, sisi wengine tunatumia programu kwenye simu za mkononi, na dukani Kariakoo kuna simu moja ya Android iliyounganishwa na nyumbani. Mama magoti yanamsumbua. Akihitaji kitu anabonyeza 102 na mtu wa jikoni anapokea. Kwa hiyo seva hii ikiyumba, mimi silali.

Mwezi uliopita sauti ilianza kukatikakatika. Nikizima na kuwasha inapona, siku ya nne yanarudi yaleyale. Nimeandika somo hili kwa sababu ushauri tunaopeana huwa ni wa aina mbili tu, "iwashe upya" au "nunua kubwa zaidi", na zote mbili zinaufunika ugonjwa bila kuutibu.

Kwanza, hakikisha RAM imejaa kweli

Andika:

free -m

Wengi hutazama safu ya "free", wakiona imebaki 40 wanashtuka. Linux, mfumo unaoiendesha Pi, huchukua RAM isiyo na kazi na kuhifadhi humo mafaili iliyoyasoma karibuni, na huiachia mara programu ikiihitaji. Safu ya kuamini ni "available". Kama hiyo ina nafasi nzuri, tatizo la sauti lako liko kwingine: kagua Wi-Fi na ruta.

Kwangu "available" ilikuwa 58 tu. Hapo hakuna ubishi.

Pili, pima kwa siku kadhaa

RAM iliyojaa na kutulia ni jambo moja, RAM inayopanda kila siku ni jambo jingine kabisa. Fungua crontab -e (orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba), weka mstari huu:

*/10 * * * * (date; free -m; grep VmRSS /proc/$(pidof asterisk)/status) >> /home/pi/ram.txt

Kila baada ya dakika 10 utapata picha ya RAM yote na kiasi ambacho Asterisk yenyewe imeshika. Vumilia siku mbili au tatu. Najua inauma kungoja wakati watu nyumbani wanalalamika, lakini bila vipimo hivi utakuwa unabahatisha.

Tatu, nani ameshika?

ps aux --sort=-rss | head

Asterisk ikiwa inapanda, tazama kama kuna simu zilizokwama hewani ambazo hakuna anayeongea:

asterisk -rx "core show channels"

Kwangu hazikuwepo. Asterisk ilikuwa imetulia kwenye MB 90 siku zote tatu. Kamera nayo haikupanda. Nikajumlisha programu zote za kwenye orodha, jumla haikukaribia kiasi kilichotumika. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ndipo ninapowaomba mtulie nami.

Programu zikijumlishwa hesabu isipotimia, rudi kwenye free -m na utazame safu ya "shared". Yangu ilisoma zaidi ya 400. Kisha:

df -h -t tmpfs

tmpfs ni folda inayoonekana kama ya kwenye diski, lakini inaishi ndani ya RAM. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka. Umeme ukikatika ghafla memori kadi huharibika, nimeshapoteza mbili, kwa hiyo nilihamishia /var/log/asterisk, folda ya logi (mafaili ambamo Asterisk huandika kila tukio), kwenye tmpfs ili kadi isiandikwe kila sekunde. Sikuiwekea kikomo. Usipoiwekea, tmpfs inaruhusiwa kukua hadi nusu ya RAM yote. Na mafaili hayo, tofauti na yale ya akiba, Linux haiwezi kuyatupa. Inaweza tu kuyasukuma kwenye swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), na swapu yangu iko kwenye memori kadi ileile. Kadi ikihangaika, sauti inakatika.

Kuna jambo jingine la kuogopa. Andika:

dmesg -T | grep -i "out of memory"

RAM ikiisha kabisa, Linux huua programu, na kwa kawaida huchagua iliyoshika nyingi. Logi si programu, haiuliki. Kwangu iliuawa kamera ya geti, ambayo haikuwa na kosa lolote, na logi ikabaki pale pale.

Nne, kwa nini logi ilikua hivyo?

tail -f /var/log/asterisk/full

Mistari ilikuwa inakimbia kama maji ya bomba, mingi ikisema "No matching endpoint found", yaani anayebisha hatambuliki. Ili simu ya dukani iifikie seva, nilikuwa nimefungua poti 5060, mlango wa simu za intaneti, kwenye ruta. Kuna mashine duniani kote zinazozunguka usiku na mchana kubisha poti hiyo, zikijaribu namba kama 100 na 101 pamoja na nywila rahisi. Zikifanikiwa, hupiga simu za nje ya nchi kwa gharama yako. Juu ya hayo nilikuwa nimeacha debug=yes (agizo la kuandika kila undani) ndani ya pjsip.conf tangu siku ya kuunganisha duka, kwa hiyo kila hodi iliandikwa ujumbe mzima.

Tano, tiba

Rudisha debug=no. Kwenye logger.conf acha hivi tu:

full => notice,warning,error

Safisha logi, kisha ongeza size=32M kwenye mstari wako wa tmpfs ndani ya /etc/fstab:

truncate -s 0 /var/log/asterisk/full
mount -o remount /var/log/asterisk
asterisk -rx "core restart when convenient"

Fuata mpangilio huo. Ukitangulia kupunguza ukubwa wakati logi bado imejaa, itakataa. Amri ya mwisho hungoja simu zote zikatwe ndipo Asterisk ianze upya, hivyo hutamkatiza mtu katikati ya mazungumzo.

Halafu funga poti 5060. Hili ndilo la lazima, kwa sababu zile hodi ni za ngazi ya notice, zitaendelea kuandikwa hata ukipunguza mengine. Simu ya dukani sasa inapita WireGuard (VPN, njia ya siri ndani ya intaneti), na WireGuard haimjibu kabisa asiye na ufunguo.

Maswali ya wanakikundi

*Mbagala:* Mkuu, mimi niliifuta faili ya logi kwa rm lakini RAM haikurudi. Kwa nini?

Asterisk bado imeifungua. Faili imetoka kwenye orodha lakini mwili wake upo. Andika asterisk -rx "logger reload", itaiachia.

*Kimara:* Kaka, si ningeweka tu cron iwashe Asterisk upya kila usiku?

Kwa tatizo hili haisaidii. Logi iliyo kwenye tmpfs haiondoki Asterisk ikiwashwa upya, inaondoka mashine nzima ikizimwa. Ukizima mashine kila usiku, siku mama yako akiugua saa nane usiku anaweza kuikuta seva ndiyo kwanza inajiwasha.

*Mwenge:* Mimi natumia FreePBX, ile ya kuendesha Asterisk kupitia kurasa za wavuti. Hatua ni hizihizi?

Kupima ni kulekule. Ila usihariri logger.conf kwa mkono, FreePBX itaiandika upya. Tumia ukurasa wake wa Asterisk Logfile Settings. Tazama pia Apache (inayoonyesha kurasa zake) na MariaDB (hifadhidata yake). Kwa nyumba yenye mtu mmoja anayefungua ukurasa huo, punguza MaxRequestWorkers ya Apache (idadi ya maombi inayohudumia kwa pamoja) hadi 10 hivi. MariaDB kwa kawaida hujitengea innodb_buffer_pool_size (RAM ya akiba yake) ya MB 128, nyumbani 32 inatosha.

*Kigamboni:* Dada yangu anataka simu ya mezani kwake, nayo haina WireGuard. Nifungue poti kwa ajili yake tu?

Hapana, kaka. Kama ruta ya kwake inakubali WireGuard, iweke kwenye ruta. Kama haikubali, kwa sasa mpe programu ya simu ya mkononi.