Diski ya zamani kwenye kompyuta mpya: jinsi ya kuipa kazi na kusakinisha mfumo salama

Kabla ya kushika bisibisi, amua diski hiyo ya zamani itafanya kazi gani. Kama ni HDD, ile yenye sahani zinazozunguka, usiiwekee mfumo endeshi. Mfumo utawaka, lakini kila ukifungua programu utasubiri, na pesa uliyotoa kwa kompyuta mpya hutaiona. Ifanye ghala la picha, video na nakala za akiba. SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka) ya zamani yenye afya inaweza kubeba mfumo wenyewe. Hapa nachukulia hali iliyo ya kawaida zaidi: kompyuta mpya ina SSD tupu, na diski ya zamani inaingia kama ghala.

Hatua ya 1: Pima afya yake ingali kwenye kompyuta ya zamani

Kwenye Windows tumia programu ya CrystalDiskInfo. Kwenye Linux andika `sudo smartctl -a /dev/sda`, ukiweka jina la diski yako. Mistari ni mingi. Mimi huanza na mitatu: 5 (sekta zilizokwisha kuhamishwa), 197 (sekta zinazotiliwa shaka) na 198 (sekta zilizoshindikana kusomeka). Zote zikiwa sifuri, endelea. Namba ya 197 ikizidi kupanda, nakili faili zako leo hii na uistaafishe diski. Namba ya 199 ikipanda, usiilaumu diski haraka, kwani mara nyingi mkosaji ni kebo ya data. Diski za NVMe (aina ya SSD ya kasi zaidi) hazina mistari hii. Kwao tazama asilimia ya uchakavu na idadi ya makosa ya data.

Hatua ya 2: Nakili faili, kisha ondoa kufuli

Nakala iwe kwenye kifaa cha tatu, nje ya kompyuta hizi mbili. Halafu kagua BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski. Kompyuta nyingi za Windows huwa zimefungwa nayo bila mwenyewe kujua, na siku diski inapohamia kwenye mashine nyingine, hudai ufunguo wa tarakimu 48. Zima BitLocker na usubiri diski ifunguke yote, au hifadhi ufunguo huo mahali utakapoupata.

Mwishowe fungua Command Prompt na uzime kompyuta kwa amri `shutdown /s /t 0`. Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi husinzia nusu, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo inaweza kukataa kuandika chochote ndani yake.

Hatua ya 3: Tengeneza flashi ya usakinishaji

Flashi ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutika. Kwa Windows 11 tumia zana ya Microsoft yenyewe; kwa Linux, Rufus au balenaEtcher. Windows 10 iache: msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Pakua pia draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya WiFi ya kompyuta mpya na uiweke kwenye flashi hiyohiyo. Windows 11 hudai intaneti katikati ya maandalizi, na bila draiva hiyo utakwama hapo.

Hatua ya 4: Sakinisha mfumo, diski mpya ikiwa peke yake

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, kisha wanaijutia. Diski ya zamani isiwe imechomekwa kabisa. Kisakinishaji huziita diski Diski 0 na Diski 1, basi, na ukiwa na haraka ni rahisi mno kufuta ile yenye faili zako. Tena, kisakinishaji cha Windows kikikuta patisheni ya EFI (kipande cha diski cha kuwashia mfumo) kwenye diski ya zamani, kinaweza kuweka faili za kuwashia mfumo huko. Kila kitu kitaonekana sawa mpaka siku utakapoichomoa diski hiyo, na kompyuta ikatae kuwaka.

Chomeka flashi, washa, bonyeza F12 (mashine nyingine hutumia F8, F11 au Esc), kisha chagua flashi. Ikijitokeza mara mbili, chukua mstari wenye neno UEFI. Chagua nafasi tupu, endelea, usiunde patisheni kwa mkono.

Orodha ya diski ikiwa tupu kwenye mashine ya Intel, shuku VMD (mpangilio wa Intel wa kusimamia diski). Pakia draiva yake kutoka kwenye flashi, au zima VMD ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Ukichagua kuizima, izime sasa. Ukigeuza mpangilio huo baadaye, mfumo unaweza kushindwa kuwaka.

Wewe unayeweka mfumo kwenye SSD ya zamani unaweza kuambiwa kwamba diski ina jedwali la MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni; mpya ni GPT) na haifai. Bonyeza Shift+F10, kisha andika kwa zamu:

`diskpart`
`list disk`
`select disk 0`
`clean`
`convert gpt`

Itambue diski kwa ukubwa wake kabla ya kuichagua. Amri ya `clean` hufuta diski nzima wala haikuulizi mara mbili.

Hatua ya 5: Funga diski ya zamani

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache, gusa chuma cha kasha. Diski ya SATA ina kebo mbili: nyembamba ya data na pana ya umeme. Kebo ya umeme itoke kwenye pawa saplai iliyomo ndani ya kompyuta hiyo. Kebo za pawa saplai nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio wa nyaya ukiwa tofauti, na diski ikaungua papo hapo.

Kwa M.2 (SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama), soma kitabu cha ubao huo. Tundu linaweza kuipokea diski lakini likakubali NVMe tu, si SATA; na kwenye mbao nyingine, kutumia tundu la M.2 huzima baadhi ya milango ya SATA. Laptop isiyo na nafasi itumie kasha la USB.

Hatua ya 6: Ifungue, kisha isafishe

Ingia BIOS kwanza, hakikisha diski mpya ndiyo ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwasha. Windows ikikuambia diski ya zamani inahitaji kuanzishwa au kufomatiwa, kataa, maana hapo utafuta njia ya kufikia faili zako. Diski ikionekana lakini haina herufi, ipe moja kwenye Disk Management, zana ya diski iliyomo ndani ya Windows. Folda za mtumiaji wa zamani zitaomba ruhusa. Kubali na usubiri.

Programu zilizomo humo zisakinishe upya, kwani kunakili folda zake mara nyingi hakutoshi. Mfumo wa zamani uache kwa wiki mbili hivi, mpaka uhakikishe hakuna kilichosahaulika. Ndipo utumie `clean` ndani ya `diskpart` kama ilivyo kwenye Hatua ya 4, safari hii kwa namba ya diski ya zamani, maana Disk Management hukataa kuifuta patisheni ya EFI. Chagua GPT, hasa diski ikizidi TB 2, kisha fomati: NTFS kwa Windows peke yake, ext4 kwa Linux, exFAT kama diski itazunguka kati ya mifumo tofauti.